Droo Ambayo Mwizi Hakuigusa

Sajini Kalolaine Vehikite alisimama katikati ya Nyumba ya Kumbukumbu, mikono kiunoni, akiuangalia uharibifu. Makabati ya chuma yalikuwa yamepasuliwa kwa mtaimbo. Droo za meza zimeng'olewa na kutupwa sakafuni, karatasi zimetapakaa, na pale kona ambapo hadi juzi palikuwa na diski kubwa ya kuhifadhia kumbukumbu, zilibaki nyaya zinaning'inia tu. Nje, ng'ambo ya uwanja wa kanisa, tingatinga lilikuwa linanguruma. Mbele yake walikuwa wameketi kinamama wa kijiji cha Fangaloto, wanaimba tenzi kwa sauti ya watu waliokwisha kuamua.

"Jaji anakaa saa nane," alisema Kalolaine. "Tukienda mikono mitupu, tingatinga linapita."

Hakuwa anatia chumvi. Vilima vya Fangaloto ni makaburi. Wamelala humo wazee wa kijiji tangu enzi ambazo hata jina la Tonga halijasikika kwa wageni. Kampuni ya kokoto inataka kuvisawazisha ijenge matangi ya mafuta, inasema ni malundo ya udongo tu. Ramani ya karatasi ilipopelekwa mahakamani, wakili wa kampuni aliicheka: picha mtu yeyote anaweza kuchora, leteni vipimo vyenyewe vilivyopigwa na ndege. Jaji akakubaliana naye. Na vipimo vyenyewe ndivyo vilivyoibwa. Chuo cha ng'ambo kilichorusha ile ndege kilikuwa kimekwisha kujibu kwa adabu zake zote: mradi umefungwa, tovuti imezimwa, aliyekuwa akiitunza amehama. Utadhani makaburi ya watu ni kibanda cha msimu!

"Mikono mitupu kivipi, Sajini, na mwizi tunaye?" Konstebo Sunia Kioa alikuwa ameegemea mlango, anatafuna keke ya kukaanga. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza jana asubuhi, wakati Kalolaine yuko mjini. "Lisiate yuko pale kwenye benchi. Mtunza mitambo ni yeye, nakala ya akiba kaifuta yeye. Droo zote zimevunjwa, hakuna kilichobaki. Tumpakie twende zetu."

"Zote?"

"Zote."

Kalolaine alitembea polepole hadi dirishani. Pale palikuwa na meza ya marehemu, Daktari 'Ilaisaane Pahulu, msomi wa mambo ya kale aliyevipima vilima vya wazee wa Fangaloto maisha yake yote mpaka maradhi yalipomchukua. Kibao chenye jina lake kilikuwa bado mezani. Kwenye kiti, mkeka wake mwembamba wa kujifunga kiunoni umekunjwa vizuri. Na droo ya meza hiyo ilikuwa imefungwa, kufuli zima, hata mkwaruzo haina.

"Na hii je?"

"Hiyo ya marehemu," alisema Sunia.

"Kusoma najua. Nauliza mbona haikuvunjwa."

"Labda alichoka."

"Achoke hapa, baada ya kupasua makabati ya chuma?" Kalolaine aliinama akachungulia chini ya meza. "Hebu ninyanyulie huo mkeka, nione kama kuna kitu kitini."

Sunia alivitazama vidole vyake. "Mikono ina mafuta, Sajini. Nitaharibu mkeka wa watu."

Kalolaine aliunyanyua mwenyewe. Hapakuwa na kitu. Aliurudisha ulivyokuwa, akaijaribu droo kwa ncha ya kidole. Haikutetereka. Angeweza kuivunja sasa hivi, lakini marehemu alikuwa na shangazi hai kijijini, na vitu vya marehemu viko chini ya shangazi. Yeye kwao ni visiwa vya Vava'u, hapa ni mgeni wa juzi asiyejua nani ni mjomba wa nani, ila hilo halihitaji kuambiwa.

"Mlete Lisiate," alisema.

Lisiate Pahulu, mdogo wake Daktari, aliingia na pingu. Mtu mzima mwenye mabega ya mchezaji raga, lakini siku ile alijikunja kama aliyelowana mvua. Alisimama mbali na meza ya dada yake.

"Diski kubwa imeibwa, sawa," Kalolaine alianza. "Nakala ya akiba uliiweka wapi?"

"Kwenye kabati la mchungaji."

"Nimeifungua asubuhi hii. Nimekuta picha za vyungu vya kale, nimekuta picha za sherehe, nimekuta hata bili za umeme. Folda ya dada yako ipo, jina limeandikwa vizuri, ndani hakuna kitu. Uliifuta lini?"

"Sikufuta."

"Basi majini wamefuta."

"Sikufuta, Sajini, kwa sababu sikuwahi kuweka. Vya watu wengine wote nilinakili. Vyake niliruka."

"Uliruka!"

"Wewe si Mtonga? Hujui kaka hagusi cha dada yake? Tangu nipate akili sijakanyaga chumba cha dada yangu. Simu yake ikilia mezani naita mtu aje aipokee. Kikombe chake sijakinywea. Leo nikae nifungue faili zake moja moja, nisome alichoandika mwenyewe peke yake? Nilitengeneza folda, nikaweka jina lake, nikajisemea kesho nitamtafuta mtu mwingine aje ajaze. Kesho ikawa kesho."

"Na yeye hakuwahi kukuuliza?"

"Aniulize mimi? Tulikuwa tunatumiana watu. Mtu alikuja kuuliza, 'Daktari anauliza, nakala ziko salama?' Nikajibu, mwambie ziko salama. Amekufa anaamini hivyo."

Mtu wa nchi nyingine angecheka. Kalolaine hakucheka. Kaka yake mwenyewe kule Vava'u akisikia kikohozi chake tu barazani, anatoka mlango wa nyuma na sahani yake mkononi. Lakini hasira ilimpanda, tena akaiachia itoke.

"Heshima gani hiyo, Lisiate? Umemheshimu dada yako mpaka kazi yake ikabaki mahali pamoja, inamsubiri mwizi! Ungemwambia mchungaji! Ungemwambia mke wako! Ungeniletea hata mwendawazimu wa sokoni abonyeze kitufe!"

Nje, tenzi ziliendelea.

"Funguo za makabati haya anazo nani?" Kalolaine aliuliza, sasa kwa utulivu.

"Mimi. Zote, isipokuwa ya droo ile." Alichomoa kwa shida kichala cha funguo kutoka mfukoni, pingu zinamlia.

Kalolaine alichukua ufunguo mmoja, akautia kwenye kabati lililopasuliwa. Ukazunguka. Akajaribu wa pili kwenye droo iliyotupwa sakafuni. Ukazunguka. Alimgeukia Sunia. "Mwenye funguo anavunja ili iweje? Mfungue pingu."

"Sajini! Si amekiri?"

"Amekiri uoga. Wizi bado. Mfungue."

Pingu zilikuwa bado zinafunguliwa wakati Bwana Gilmour, meneja wa kampuni ya kokoto, alipoingia bila kubisha. Mzungu wa New Zealand, mrefu, mwekundu wa jua, na kikombe chake cha kahawa kinachotembea naye kila mahali. Kalolaine alikuwa amemwita, na kusema kweli alikuwa na hamu naye. Nani mwingine anafaidika?

"Poleni na wizi," alisema Gilmour, akatafuta mahali pa kukaa. Viti vingine vilikuwa vimepinduliwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani, akakaa juu ya mkeka wa marehemu, akaweka kahawa yake kwenye meza ya marehemu, miguu akaitandaza. "Niulize unachotaka. Juzi nilikuwa hotelini mjini, mashahidi wamejaa."

Kalolaine alikuwa anaangalia jambo jingine. Gilmour alipokalia ule mkeka, Lisiate aligeuka akatazama ukuta, kama ambavyo kaka yeyote angefanya. Na kando yake Sunia naye aligeuka akatazama ukuta.

"Huna haja ya hivi vipimo, Bwana Gilmour?"

"Haja ya nini? Mnaodai kuna makaburi ni ninyi. Leteni ushahidi. Mahakama inataka namba, haitaki nyimbo." Huku anazungumza, mkono wake uliishika droo, akaitikisa kwa nguvu, krak krak, kama mtu anayejaribu mlango wa gari lake. "Mbona hii imefungwa? Hamjaitazama? Ningekuwa polisi ningeanzia hapa. Si ina jina lake?"

"Ndiyo," alisema Kalolaine polepole. "Mtu yeyote angeanzia hapo."

"Basi. Na ningekuwa mwizi ningeanzia hapo vilevile." Aliinuka, akachukua kahawa yake. "Saa nane, Sajini. Dereva wangu ana kazi nyingine."

Kikombe kiliacha duara la maji mezani. Kalolaine alilifuta kwa leso yake. Basi, mzungu yule alikuwa amemsaidia bila kujua. Mwizi alikuja kutafuta kazi ya Daktari, akapasua kila kitu chumbani isipokuwa kitu kimoja tu chenye jina la Daktari. Mgeni hafanyi hivyo. Mwizi wa mtaani hafanyi hivyo. Kuna watu wa aina moja tu katika nchi hii ambao mkono wao ungekwama mbele ya droo ile.

"Lisiate, kimbia ukamwite shangazi yako. Mwambie aje na ufunguo, kama anao."

"Niende mimi, Sajini," Sunia aliwahi.

"Wewe kaa."

Shangazi Luseane aliingia akihema, amevaa nguo nyeusi za msiba na mkeka mkubwa mchakavu wa matanga umemzunguka mpaka magotini. Ndiye aliyekuwa akiwaongoza kinamama kule mbele. Lisiate alimfuata nyuma, kichwa chini.

"Umeliacha tingatinga na nani, shangazi?" Kalolaine aliuliza.

"Na Sela. Sela amenizidi uzito, halipiti." Alijipepea. "Haya, niambie, maana nikikaa sana wataanza kuimba ule wimbo wa pili, na sauti ya tatu wanaiharibu."

"Nina swali dogo. Konstebo Sunia ana undugu gani na marehemu?"

Shangazi alimtazama kama aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Hukujua? Mama yake Sunia na mama yake 'Ilaisaane ni tumbo moja. Huyu ni kaka yake sawasawa na Lisiate. Uwanja mmoja wamelelewa, chungu kimoja wamekula."

Kalolaine alimgeukia konstebo wake. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza," alisema Sunia.

"Shangazi, ufunguo unao?"

Mama yule alitia mkono kifuani, akatoa leso yenye fundo. "Tangu maziko uko hapa. Vitu vyake vya kike, nikajua. Hakuna mwanamume aliyethubutu kuuulizia."

Kalolaine aliuchukua, akamnyooshea Sunia. "Fungua droo."

"Sajini, mikono yangu..."

"Mafuta yamekauka tangu asubuhi. Fungua."

Sunia aliutazama ufunguo. Mkono haukutoka ubavuni. Hatimaye konstebo yule aliketi kwenye droo iliyopinduliwa, akavua kofia.

"Waliniahidi kiwanja cha mjini," alisema. "Nina watoto, Sajini. Naishi uani kwa wakwe zangu, naomba ruhusa hata ya kuchoma samaki. Mwanamume bila ardhi hapa ni nini?"

"Na hawa waliolala kwenye vilima, ardhi yao je?" Shangazi alifoka. "Ukauza kitanda cha babu yako upate uwanja wa kuchomea samaki!"

"Diski iko wapi?" Kalolaine aliuliza.

"Horini, ndani ya maji. Niliipiga nyundo kwanza."

"Na droo hii?"

"Nilisimama mbele yake na mtaimbo. Nilijua kama kuna nakala nyingine, imo humu. Mkono ukakataa." Sunia alijifuta uso. "Nikasema, mwenyewe amekufa, nani ataifungua?"

"Ajabu yako wewe," alisema Kalolaine. "Kazi yake yote ukaiponda kwa nyundo, lakini kitana chake ukakiogopa. Leta pingu zako. Leta na beji."

Baada ya kumfunga kwenye nondo ya dirisha, aliifungua droo. Ilitoa harufu ya mafuta ya nazi na maua. Kulikuwa na kitana, chupa ya manukato, vitambaa vya kike ambavyo Shangazi alivisogeza kando kwa heshima. Chini kabisa, kimefungwa ndani ya kipande cha kitambaa cha magome ya miti, kilikuwapo kidiski kidogo cheusi kisichozidi kiganja. 'Ilaisaane hakuwa mjinga. Ujumbe wa "ziko salama" aliupokea, lakini hakuutegemea peke yake.

"Lisiate, tufungulie," alisema Kalolaine.

"Siwezi kukishika."

"Lisiate!"

"Siwezi, Sajini! Nipige risasi, siwezi."

Shangazi alivuta kiti mbele ya kompyuta ndogo ambayo Kalolaine alikuja nayo, akaketi kwa kishindo. "Geuka huko, utazame ukuta wako. Kisha niambie nibonyeze wapi. Na usinifokee, macho yangu mabovu."

Ndivyo walivyofanya. Kaka amesimama kaupa mgongo mtambo, anaelekeza; shangazi anabonyeza kwa kidole kimoja, ulimi nje. "Kulia, shangazi. Chini. Bonyeza mara mbili. Haraka zaidi." "Nimebonyeza!" "Hapana, hiyo ni mara mbili ya kanisani." Halafu vidole vikatulia, maana kwenye kioo vilima vilikuwa vimetokea. Pichani miti imevuliwa yote, ardhi iko wazi, kila kilima na mtaro wake, na kando ya kila kimoja 'Ilaisaane ameandika jina la aliyelala humo, alivyosimuliwa na vikongwe ambao sasa nao hawapo. Shangazi aliona jina la babu yake. Alilia waziwazi, bila kujificha, huku kidole bado kiko kwenye kitufe.

"Vipimo vimo?" Lisiate aliuliza kutoka ukutani.

"Vimo vyote," alisema Kalolaine. "Sasa nisikilize. Kitu hiki kilikuwa kimoja kikapondwa. Sasa hivi kipo kimoja tena, na kutoka hapa hadi mahakamani kuna barabara. Sitaki kiwe kimoja hata dakika."

"Lakini mwenyewe alikificha," Lisiate alisema. "Aliogopa wachimba makaburi. Wakijua nani amelala wapi, watakuja na majembe."

Hilo halikuwa neno la Kalolaine kuliamua.

"Alikificha, na umeona kilichotupata," alisema Shangazi. "Mwenye majembe anakuja kusipokuwa na anayejua. Wakijua watu wote, atachimba mbele ya nani? Mimi ndiye shangazi yake. Vitu vyake viko chini yangu, na mimi nasema kitoke." Alifuta macho kwa pindo la mkeka. "Vya vilima vyetu tu vitaingia kwenye simu?"

"Vitaingia."

"Waite kinamama. Zamu kwa zamu, Sela abaki pale pale."

Wakaja, wana majani nguoni na vumbi la tingatinga usoni, simu zao zenye vioo vilivyopasuka mikononi. Mmoja alimrushia dada yake Auckland, mwingine mwanawe aliyeko Sydney, mchungaji akatia kwenye kompyuta ya kanisa, na kiongozi wa kwaya akalitumia kundi zima la kwaya, Sela pale alipoketi akiwemo, pamoja na wale waliofukuzwa kwa utoro. Shangazi alipomaliza kupokea yake, alikwenda ukutani akamsukumia Lisiate simu kifuani.

"Cha dada yako hukigusi, vizuri. Hiki si chake tena. Ni cha Fangaloto. Unakigusa au hukigusi?"

Lisiate aliitazama simu ile kwa muda. Kisha akaipokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaiona kazi ya dada yake.

Gilmour alirudi pamoja na wakili wake kabla ya saa nane, na karatasi yenye mhuri wa mahakama: kifaa chochote chenye vipimo vinavyobishaniwa kikabidhiwe kwa mawakili hadi uhalali wake uchunguzwe. Tarehe ya uchunguzi haikuandikwa.

Kalolaine aliisoma hadi mwisho. Kisha akachukua kidiski cheusi, akakiweka juu ya kiganja cha wakili.

"Chukua."

Wakili alishangaa. "Hivi tu?"

"Hivi tu. Ukimaliza na hicho, nenda uwanjani ukakusanye na simu za kinamama. Anzia kwa Sela. Halafu panda ndege uende Auckland. Na wewe, Bwana Gilmour, usisafiri. Kuna mtu kaahidiwa kiwanja, na kesho nitakuuliza na nani."

Mahakamani hapakuwa na nafasi ya kusimama. Wakili wa kampuni alijaribu la mwisho. Diski yenye vipimo, alisema, iko mikononi mwake na haijathibitishwa. Kama upande wa pili una nakala, mahakama ielezwe mwenye nakala hiyo ni nani, ajitokeze, aape.

Jaji aliangalia juu ya miwani yake. "Ombi ni la haki. Nani mwenye kumbukumbu hizi?"

Aliyeinuka wa kwanza alikuwa Lisiate Pahulu, simu mkononi. "Mimi," alisema. Nyuma yake benchi lililia, Shangazi Luseane akainuka, kisha benchi la pili, kisha la tatu, mpaka jaji akamwona mlangoni mama mmoja mnene mwenye vumbi, anahema, ameinua simu yake juu ya vichwa vya watu.

Kalolaine aligeuka akamwona. Ni Sela, na Sela asingebanduka pale mbele kama tingatinga halijazimwa.